Mtu Aliyekula na Mshamu

Mtu mmoja wa upande wa Lindi, jina lake Mshamu, alikuwa na binti aitwaye Somoe. Alizaliwa ndani ya ndoa. Mshamu mwenyewe alimwadhinia sikioni, akamchinjia akika, akamlea. Siku moja, msibani, mtu akasema kwa mzaha kwamba yule msichana hafanani na yeyote wa ukoo. Watu wakacheka. Mshamu naye akacheka, lakini neno lile alirudi nalo nyumbani.

Akamwendea kadhi. Kadhi akamwambia kwamba mtoto ni wa mwenye kitanda cha ndoa. Anayetaka kumkana na aape kwa Mungu mara nne kuwa asema kweli, na ya tano ajitakie laana ikiwa asema uongo. Mshamu hakuwa ameona kitu wala kusikia kitu. Kiapo kikamshinda. Akauficha mswaki wa binti yake mfukoni, akaenda nao mjini kupimisha vinasaba.

Kungoja majibu ndiko kulikomharibu. Alimtafuta usoni mwa mtoto mwanamume mwingine, yule aliyemdhania kuwa ndiye baba, na mwenye kutafuta hakosi. Akambunia mtu huyo nyusi nene, akampa sauti. Punde akawa anamsikia uani, mchana kweupe, akikohoa. Akitoka hakuti mtu. Chakula kikiandaliwa, Mshamu alisogea mkekani bila kujijua, kama anayempisha mwenzake. Mkewe, Mwanashuru, aliitazama ile nafasi, kisha akamtazama mumewe.

Majibu yakatoka: mtoto ni damu yake. Mshamu akarudi mbio kwa furaha, akawaita mama na mwana, akawaeleza yote. Mwanashuru akainuka, akaingia ndani. Somoe akabaki amesimama.

"Na wangekuambia mimi si wako, baba," akamwuliza taratibu, "leo ungeniitaje?"

Mshamu akaketi mkekani. Somoe akamwekea sinia la chakula mbele yake kwa adabu, kama anavyowekewa mgeni, akamfuata mama yake. Mshamu akabaki mkekani na yule ambaye kipimo kilithibitisha kwamba hakuwahi kuwapo. Na yule mtu hakuondoka. Alinyoosha mkono, akaanza kula.

Basi, ndugu zangu, damu imekwisha kumwambia baba kwamba mtoto ni wake. Nani sasa atamwambia mtoto kwamba baba ni wake?