Uzinduzi wa Nishati Safi

Alikuwepo mwoka mikate mmoja, Bi Zamoyoni, mwenye ulimi mtamu kuliko maandazi yake. Siku moja mkuu wa wilaya, Mheshimiwa Lugendo, aliingia kiwandani kwake akikohoa moshi wa kuni.

"Sera mpya ndiyo hii," alisema. "Uoke mikate maradufu, na moshi nisiuone tena. La sivyo, nafunga."

"Jiko la umeme ninalo, Mheshimiwa. Umeme ndio haukai."

"Hayo ni yako."

Bi Zamoyoni akatabasamu. "Basi njoo kesho unizindulie mradi wangu wa nishati safi."

Kusikia uzinduzi, Mheshimiwa alilainika. Kesho yake alifika na suti mpya, akapewa kiti chenye mto, kipaza sauti na chai ya iliki. Akahutubia. Kila alipotaka kumaliza, Bi Zamoyoni alipiga vigelegele: "Tufafanulie tena hapo penye tabianchi!" Naye akafafanua, huku jikoni mikate ikiiva trei baada ya trei, mpaka unga ukaisha.

"Haya, mradi wenyewe uko wapi nikate utepe?" aliuliza, sauti imemkauka.

"Ni wewe, Mheshimiwa. Tangu asubuhi mji mzima hauna umeme, isipokuwa mtaa huu. Nani angethubutu kuukata wakati wewe unahutubia?" Akamfungia mikate miwili ya moto. "Kesho uwahi, baba, nina oda ya harusi."