Fisi Apewa Kugawa Sukari

Mwenye njaa asogee, aliyeshiba asisinzie. Zamani kazi za mwili wa binadamu zilifanywa na wanyama. Ukame ulipowafukuza porini, waliingia ndani ya mkulima mmoja, Bwana Mang'enya, kwa sharti kwamba watamtunza naye atawalisha.

Simba alijitwalia kichwa, maana heshima yake haikuruhusu kuishi miguuni. Sungura na wanawe wakapata goti. Ikabaki kazi ya kongosho: sukari ikiingia kwenye mto wa damu, msimamizi apite akibisha hodi nyumba kwa nyumba. Bila hodi yake mlango haufunguki, na wenyeji hawali. Kazi ya kugawa chakula apewe nani? Simba, kwa hekima yake, akampa Fisi.

"Nitawalea kama mama yao," Fisi akasema, udenda ukimtoka.

Mwanzoni alibisha. Halafu akaonja. Kumbe usipobisha, sukari haiendi popote! Basi akajilaza mtoni, mdomo wazi. Kazi ya umma ina uchovu wake.

Nyumba zikashinda na njaa huku mto umejaa sukari. Bwana Mang'enya akakonda, kiu haimwishi, chooni habanduki. Simba akanguruma kutoka juu, "Njaa! Aongeze ugali!" Bwana akaongeza ugali na chai tamu, na Fisi akakiri moyoni kwamba nchi ina uongozi bora.

Kule gotini, kitinda mimba wa Sungura akashindwa kusimama. Sungura, roho mkononi, akapanda hadi kwenye kongosho, akakuta kiti kitupu. Akachungulia nje kwa tundu la kitovu. Pale Bwana Mang'enya alipokojoa, sisimizi walikuwa tele. Hapo akaelewa, akateremka mtoni.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mbona unakunywa makapi?"

"Marahaba. Makapi gani?"

"Sukari nzito yote inashukia kibofuni. Hata sisimizi wa nje wanajua. Lakini usijisumbue, mzee wangu, umeshashiba."

Fisi, ambaye hajashiba tangu azaliwe, akapiga mbizi. Akapenya figo kwa taabu, akatua kibofuni. Kweli palikuwa patamu. Alikuwa bado analamba Bwana Mang'enya alipoinuka kwenda nyuma ya nyumba.

Fisi akaangukia kwenye ukame ule ule alioukimbia, katikati ya sisimizi. Nao hawakumwuliza cheo.

Sungura akashika kazi, akaanzia gotini. "Hodi," akasema. Mlango ukafunguka, mtoto akala, akasimama. Bwana Mang'enya akarudi shambani, na Simba akatangaza kuwa mpango wake umefaulu.

Baada ya Sungura, kazi hiyo hapewi tena mwenye tumbo. Waliwekwa matarishi wasiokula, tunaowaita homoni: hutumwa, hubisha hodi, hutoa ujumbe, hutoweka. Fisi hadi leo huzunguka nyuma ya nyumba za watu, akinusa.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.