Dawa ya Wenye Pembe

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mashamba na wakubwa walipokuwa na vichwa vikubwa visivyo na kitu ndani, aliishi Pimbi. Mnacheka? Ngojeni kwanza, hamjamwona Kifaru.

Pimbi alikuwa mjane mwenye watoto wanne na kishamba cha ngano mlimani. Nyuma ya nyumba alikuwa na jaa. Alitupa huko samadi, majani makavu na maganda ya viazi, vikaoza taratibu. Juu yake uliota ukungu wa kijani. Pimbi aliuchanganya na mbegu kabla ya kupanda, kama mama yake alivyomfundisha, na ngano yake haikuugua.

Chini ya mlima walilima Nyati na Kifaru. Mashamba yao yalikuwa makubwa, na majivuno yao makubwa zaidi! Mwaka huo ukungu mweupe uliingia kwenye ngano yao, majani yakawa kama yamemwagiwa unga. Walinyunyiza mrututu, ile chumvi ya buluu, mvua ikauosha. Ukungu ukarudi na jamaa zake.

Basi wakamtafuta wa kumlaumu. Mnafikiri walijilaumu wenyewe? Thubutu!

Gudu! Gudu! Gudu! Wakapanda mlimani.

"Wewe Pimbi!" akanguruma Nyati. "Ukungu wetu unatoka kwenye jaa lako hilo linalonuka. Kesho tunakuja kulikanyaga, na shamba lako pia."

"Lakini ngano yangu haina ukungu, mzee."

"Nyamaza!" akasema Kifaru. "Ukungu ni ukungu!"

Pimbi akawatazama watoto wake mlangoni. Shamba likikanyagwa, wangekula nini? Akaimeza hasira yake. Kubishana na vichwa vile ni kumpigia mbuzi gitaa.

"Haya, kanyageni," akasema, akajifuta chozi la uongo. "Ila nasikitika. Ile dawa ya babu itapotea bure."

Masikio ya Nyati yakasimama. "Dawa gani?"

"Aa, tuyaache. Mimi mwenyewe siruhusiwi kuimwaga shambani. Ni dawa ya wenye pembe tu."

Wenye pembe! Mngewaona! Nyati akainua kichwa. Kifaru akajipapasa pua.

"Mimi ninazo mbili," akasema Nyati.

"Na mimi mbili," akasema Kifaru, "ya mbele ndefu kuliko zako."

"Basi sikilizeni miiko yake," akasema Pimbi. "Mwenye pembe huibeba mwenyewe. Huinyunyiza jioni, jua likishapoa. Haionjeshwi moto, haichanganywi na mrututu. Na mwenye dawa asiguswe, wala shamba lake, mpaka mavuno."

Wakakubali haraka, kila mmoja akiogopa mwenzake asipewe nyingi zaidi.

Walipoondoka, Pimbi na watoto wakashika majembe. Chapa! Chapa! Wakachota jaa, wakalitia kwenye mapipa ya maji, wakakoroga, wakafunika kwa vitambaa vyekundu.

Kesho yake wote wawili wakaja kuchukua mapipa, Nyati akanusa. "Mbona inanuka?"

"Mheshimiwa, hiyo ni harufu ya heshima. Sisi wadogo hatuisikii kabisa."

"Aaa! Kweli, ni heshima," akasema Nyati, akavuta pumzi tena. Lo!

Akalibeba lile jaa mgongoni, na Pimbi akakaa juu ya pipa akiamuru: "Kushoto, mheshimiwa! Polepole, usimwage!" Jioni Nyati akanyunyiza shamba zima, akarudia siku zilizofuata.

Naye Kifaru? Kifaru hafundishiki. Alipofika nyumbani alisema, "Mimi ninywe maji ya kuchemsha, shamba langu linywe kitu kibichi?" Akawasha moto, pipa likatokota bwata-bwata-bwata. Akaongeza mrututu, rangi ipendeze. Ndipo akanyunyiza, saa sita mchana, watu wamwone.

Ngano ya Nyati ikapona, majani mapya yakachipua safi. Ya Kifaru ikazidi kuwa nyeupe, ikalala chini.

Gudu! Gudu! Kifaru akapanda mlimani akifoka, Nyati nyuma yake.

"Mwongo! Leo nakanyaga mpaka mawe!"

Ngano ya Pimbi ilikuwa imeanza kuiva. Pimbi akasimama mbele yake.

"Bwana Kifaru, uliichemsha?"

"Niliichemsha vizuri sana!" akajibu kwa fahari. "Nikaitia na mrututu!"

"Basi umeua kilichokuwa kinakufanyia kazi," akasema Pimbi. "Dawa ile ina uhai. Ni ukungu wa kijani, unaokula ukungu mweupe. Dawa ya moto ni moto, na dawa ya ukungu ni ukungu. Na ukungu huo ulitoka kwenye jaa langu lile lile mlilotaka kulikanyaga."

Nyati akakumbuka mgongo wake. Akakumbuka harufu ya heshima.

"Yaani mimi... nimebeba jaa?"

"Tena vizuri, mheshimiwa."

"Tumkanyage, kaka!" akapiga kelele Kifaru. "Ametufanya punda!"

Nyati akatazama chini, ngano yake ikipepea kijani. Akawaza mwaka ujao, na ukungu mweupe ukirudi. Akatembea polepole, akasimama kati ya Kifaru na shamba la Pimbi, pembe mbele.

"Ukigusa jaa letu," akasema, "utanijua."

Letu! Mmemsikia? Jana uchafu, leo letu.

Kifaru akashuka mlimani kichwa chini. Msimu wa kupanda ulipofika alirudi na pipa tupu, akabisha hodi kwa adabu, akaomba la kwake. Watoto wa Pimbi wakamjazia mpaka juu, wakampandia mgongoni, wakampeleka nalo mpaka shambani wakiimba njia nzima: "Jaa bichi! Jaa bichi! Usichemshe!"

Nanyi shikeni hili: mwenye kudharau asichokijua, mwisho hukibeba mgongoni.