Fisi na Bomba la Moshi

Hadithi ipite wapi?
Ipite hapa!
Ije na nini?
Ije na utamu, uchungu tutautema.

Basi, Fisi alikuwa na pikipiki. Akiona kuku, hupakia. Akiona mbuzi, hupakia. Siku hiyo aliona gunia la karanga mlangoni kwa Mama Buku, yule panya mkubwa wa shambani. Akapakia.

"Bosi," Mama Buku akasema, "hicho ndicho chakula cha wanangu mpaka mvua zinyeshe."

"Wafundishe kufunga," akasema Fisi.

Akapiga kiki. Ko, ko, ko, puu. Akapiga tena. Ko, ko, puu. Pikipiki ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza.

Mama Buku alilitazama gunia lake, kisha akalitazama bomba la moshi.

"Bomba limeziba masizi, bosi. Pikipiki haipumui. Nikusafishie?"

"Safisha. Ukiniharibia, nitaanza na wewe, nimalizie na wanao."

Mama Buku akafungua bomba, akaingiza brashi ya waya. Kwaru, kwaru. Masizi yakamwagika, puf, puf. Akalirudisha, akakaza nati. Fisi akapiga kiki: tutututu, laini kabisa.

"Bado kutu," akasema Mama Buku. "Bomba lisipopakwa mafuta ndani, litaoza. Lile bonge la mafuta ya mkia wa kondoo kwenye mkoba wako lingefaa."

"Mafuta yangu?"

"Bomba lako pia, bosi."

Fisi akatoa bonge, roho ikimuuma. Mama Buku akalisukumia ndani kabisa kwa kijiti. Bomba lilikuwa limeshapata moto. Mafuta yakalia chwaa. Harufu ya nyama choma ikatoka, ikazunguka, ikaingia puani mwa Fisi.

Mama Buku akazima injini. "Usiyaguse, bosi. Hayo ni ya bomba."

"Ya bomba? Bomba lina tumbo?"

Fisi akachomeka mdomo. Ukaungua. Ukavimba. Ukanasa.

"Hihoe," akasema kutoka ndani ya bomba.

"Nitakutoa. Lakini pikipiki ina mzigo, itakuangukia. Nishushe gunia?"

Fisi akapiga mguu chini: ndiyo. Watoto wa Buku wakatoka shimoni, wakalikata gunia kamba, wakazoa karanga. Kukuru, kukuru, mpaka ya mwisho.

Kisha Mama Buku akashika spana, akafungua nati moja, akafungua ya pili. Bomba likachomoka, na Fisi pamoja nalo.

"Haya, nimekutoa kwenye pikipiki. Kukutoa kwenye bomba ni kazi nyingine, na sasa nina wanangu wa kulisha."

Fisi akaenda porini na bomba usoni. Wanasema ndiyo maana akilia, uuu-wii, sauti yake hutoka kama inapita mahali pembamba. Pikipiki ilibaki kwa Mama Buku. Haina bomba, kwa hiyo kijiji kizima hujua anapokwenda sokoni.

Funzo lake, wanangu, ni hili: mali ya mwenzako usiiguse. Ukiitaka sana, muulize mwenyewe kwanza. Kama mdomo wake umenasa na hajibu, hesabu kwamba amekubali.

Hadithi imefika kizingitini. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka airuke.