Fisi Aliyedai Wasia wa Digidigi

Hadithi hii aliisimulia kwanza bibi yetu mzaa baba, Mwajabu Semkiwa, mwezi wa Agosti 1974, siku ya tatu tangu arudi kutoka mjini, ambako wauaji wa babu walikuwa wamehukumiwa. Tulikuwa tukipukuchua mahindi. Naiandika kama alivyoisema. Nilichokisahau sikukijaza.

— Ngano yaja!
— Na ije, tumeipisha njia.
— Ina miguu mingapi?
— Minne!
— Basi ni midogo, msije mkaikanyaga.

Palikuwa na Digidigi na mumewe, na chemchemi yao chini ya mwamba. Kila asubuhi mume alipita mpakani, akasugua jicho lake kwenye ncha za vijiti, chozi likabaki pale. Mke alipita nyuma yake, akanusa kijiti, akajua: mwenzangu kapita hapa.

Siku moja, mchana kweupe, mume alikwenda chemchemini asirudi. Mke alikuta kwato moja na damu. Akaita: zik! zik! Akasikiliza. Kimya.

Kesho yake akanusa vijiti. Chozi limekauka. Akaita: zik! zik! Akasikiliza. Kimya.

Akaenda kushtaki kwa Kobe, hakimu wa nyika. Kobe akaita baraza.

"Nani aliona?"

Nyumbu akasema, "Mimi nilikuwa nakula majani."

Swala akasema, "Mimi nilikuwa nimeinama nakunywa."

Fisi alikuwa amelala ubavu, tumbo limejaa. "Hi-hi-hiii! Bi mdogo, mumeo kakukimbia. Miguu myembamba vile, ikiona njia isipite?"

Mbweha, rafiki yake, akacheka naye.

Baraza likakaa mara ya pili, mara ya tatu. Nani aliona? Nilikuwa nakula. Nilikuwa nakunywa. Hi-hi-hiii!

Mara ya nne Digidigi akasimama. "Mzee Kobe, kesi naiacha. Leo tuanue tanga, mali igawiwe kwa desturi. Haiwezekani mume wangu amekufa bila wasia. Aliyeupokea aseme, nami nitamkabidhi chemchemi."

Wanyama wakanong'ona. Chemchemi ile haikukauka kiangazi. Fisi akaiona akilini: jua kali, wanyama wote wanakuja wenyewe kunywa, na yeye kakaa tu, hana haja ya kukimbia. Mate yakamdondoka, do, do, do.

"Wasia ninao mimi!" akasema.

"Wewe?" Kobe akauliza.

"Mimi! Alisema, 'Fisi ndugu yangu, chemchemi nakuachia wewe. Mke wangu umtunze.'"

"Umtunze?" akauliza Digidigi.

"Kwa uangalifu mkubwa, shemeji."

Kobe akavuta shingo taratibu. "Desturi inataka apokeaye wasia awepo roho ikitoka. Ulikuwa naye hadi pumzi ya mwisho?"

"Hadi ya mwisho!"

"Peke yako? Maana mkiwa wawili, mtagawana."

"Peke yangu!"

Mbweha akaruka. "Mwongo mkubwa we! Peke yako? Na miguu ya nyuma aliishika nani?"

Baraza zima likamgeukia Mbweha. Hata nzi walitua.

"Mbweha, mwanangu," akasema Kobe, "miguu ya nyuma ya nani?"

Mbweha akafunga mdomo. Alikuwa amechelewa. Nyati wawili walikwishawazunguka. Ndipo Nyumbu akakumbuka kwamba aliona. Swala naye akakumbuka, tena vizuri sana.

Kobe akahukumu. Fisi atiwe pangoni, jiwe liwekwe mlangoni, asitoke tena. Mbweha afungwe viangazi saba tu, kwa kuwa alisema kweli, ingawa hakukusudia.

Walipokuwa wanamsukuma pangoni, Fisi akageuka.

"Shemeji, ngoja. Ule wasia niliutunga. Lakini mumeo alisema neno. Kweli kabisa, neno moja. Niombee kwa Kobe nifunguliwe, nikuambie."

Digidigi akasimama. Chemchemi kwake haikuwa kitu. Hili ndilo alilokuwa akilitaka tangu siku ile ya kwato. Akasogea hadi akasikia pumzi ya Fisi.

"Lilikuwa jina langu?"

"Nifungue kwanza."

Akamgeukia Mbweha. "Nawe ulisikia?"

Mbweha akainamisha masikio. "Mimi nilikuwa miguuni, bibi. Sikusikia."

Digidigi alisimama hapo mpaka kivuli chake kikahama upande. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akasema, "Mzee Kobe, jiwe."

Gudu, gudu, gudu, ti!

Ndani Fisi akapiga kelele. Digidigi akaweka sikio kwenye jiwe. Huenda lilikuwa neno. Huenda kilikuwa kicheko. Jiwe lilikuwa nene.

Ngano yangu imekaa chini, ainuke nayo aliyeisikia. Na funzo lake, alisema bibi, ni hili: kwenye mali ya marehemu usione haya. Jitokeze wa kwanza, useme kwa sauti.

Haya sasa ni yangu, si ya bibi: Fisi alifia pangoni. Nyumbu na Swala wamekufa, hata majuto hawakuyasema. Kobe yu hai, ila hasikii vizuri. Mbweha alimaliza viangazi vyake saba. Yu hai, na akimwona mjane hupita mbali. Digidigi yu hai. Hakuolewa tena.