Sarafu Iliyozaliwa Kombo

Mtu mmoja alikuwa na sarafu mbili za kale na binti mmoja. Aliitwa Shekue, fundi baiskeli wa Muheza, na sifa alizopewa alizistahili: gurudumu lililopinda hata likagoma kuzunguka, lilitoka mikononi mwake limenyooka. Ila alizoea kunyoosha mno, akawa haachi kitu kombo.

Binti yake, Siwema, alitumia mkono wa kushoto. Kwa mkono huo alisuka mikeka iliyogombewa na wanawake wa mtaa mzima. Lakini aliutumia pia kulia chakula na kupokea vitu vya wageni, na Shekue akaona haya. Washenga walipotoa taarifa kwamba watakuja, alimfunga mkono ule ubavuni kwa kitambaa, ajifunze kutumia wa kulia. Siwema hakubisha. Aliacha tu kusuka, na baba yake akadhani huo ndio utii.

Sarafu zile mbili Shekue alizirithi. Ya kwanza picha yake ilikwenda pembeni: upande mmoja wa uso wake mtupu, upande wa pili herufi zimekatika. Ya pili ilikuwa ndogo kidogo, lakini haikuwa na upande mtupu. Shekue akatia tupa mfukoni, akaenda kwa Bi Nunu, bibi mjuzi wa sarafu, kumwuliza aikwangue wapi ile ya kwanza ipate kufanana na mwenzake.

Bi Nunu hakujibu upesi. Huo ndio ulikuwa ufundi wake, na ulipendeza kuutazama. Aliiweka ya kwanza chini ya kioo cha kukuzia, akaupitia ukingo wake wote kwa ukucha. Hapakuwa na mkwaruzo, wala madini yaliyosukumwa yakafanya tuta. Muhuri wa kiwandani uliigonga ikiwa imeteleza, basi. Na sarafu ya namna hiyo watu huitafuta miaka mingi. Kisha akaishika ya pili, na uso wake ukabadilika. Herufi zake zilikatika vilevile, ila upande uliokuwa mtupu ulikuwa umeliwa, na ukingoni palibaki mistari myembamba ya tupa.

“Hizi zilikuwa pacha, mwanangu,” alisema. “Ile imezaliwa hivyo, hii imejeruhiwa, na aliyeijeruhi alidhani anaitengeneza.”

Shekue hakuuliza bei. Alirudi nyumbani mbio, akamfungua Siwema kitambaa, na kwenye kifundo cha mkono akaiona mistari. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akamwomba mwanawe radhi, yeye baba mtu mzima, mbele ya mkewe.

Vidole vya Siwema vilichukua siku tatu kuurudia ukili wa mkeka. Washenga walipofika walimkuta Siwema barazani anasuka, mkono wa kushoto ukitangulia, na baba yake ameketi kando anatazama kazi ile kwa fahari. Tupa hakuwa nayo.

Nanyi mnaonisikiliza, nyumbani kwenu mmefunga mkono wa nani?