Tundu, Waya na Wimbo wa Baba

Sogeeni karibu. Na wewe hapo nyuma, toa kwanza hivyo vidude masikioni, utavirudisha nikimaliza. Hadithi yenyewe inavihusu.

Katika milima ya Taita palikuwa na mama mjane, jina lake Malemba, na watoto wake watatu, wote watu wazima wenye nyumba zao. Mwadime, kifungua mimba, hakujua kutupa kitu. Hata kifuniko cha sufuria iliyotoboka alikiweka, akisema kitafaa siku moja. Mshai, wa pili, alikuwa msusi, na vidole vyake viliweza kushika unywele mmoja bila kuukata. Kirigha, kitinda mimba, alipenda vipya. Simu yake ilikuwa laini kama yai, haina hata tundu la kuchomeka waya wa masikioni. Muziki aliusikiliza kwa vidude viwili visivyo na waya, vinavyolala ndani ya kikasha kidogo.

"Simu gani haina tundu?" Mwadime alimtania. "Hiyo ni nyungu isiyo na mdomo."

"Na lile lisimu zee lako la kwenye katoni, kaka, si umelifunga mpira kama mzigo wa kuni?"

Basi Mama Malemba akaanza kusahau. Watoto wakapanga akae kwa kila mmoja mwezi kwa zamu, na sitawaficha, kila mmoja alishusha pumzi siku ya kumkabidhi kwa mwenzake. Ndivyo alivyopotea. Mwadime alimwacha njia panda akidhani Mshai yu njiani kumpokea. Mshai alidhani Kirigha atampitia na pikipiki. Kirigha alidhani siku yenyewe ni kesho. Mama alisimama pale mpaka akachoka, akajiendea zake.

Walimtafuta hadi giza likaingia, na mvua kubwa ikanyesha. Kulipokucha, umeme ulikuwa umekatika na mnara wa simu umenyamaza. Jirani mmoja akawaambia, "Sikilizeni redio ya hapa kwetu, wao wana jenereta. Kila adhuhuri hutangaza watu waliopotea na waliookotwa." Shauri lilikuwa jema, lakini redio zote za kijiji kile zilitumia umeme.

Kirigha alitoa simu yake. Haikuwa na redio ndani, na bila mtandao ilikuwa kioo cha kujitazamia tu.

Mwadime alikimbia nyumbani, akapekua katoni yake, akarudi na simu ile kongwe yenye redio na tundu. Kila Jumapili alikuwa akiichaji bila sababu yoyote, na wenzake wakimcheka. Ikawaka! Lakini redio ya simu kama ile haishiki kitu mpaka uchomeke waya wa masikioni, maana waya ndio antena yake.

Waya alikuwa nao Mshai, ila mbuzi alikuwa ameutafuna. Aliukata kwa wembe pale palipoharibika, akachambua nyuzi za shaba zilizokuwa nyembamba kuliko nywele zozote alizowahi kusuka. Akazisuka rangi kwa rangi, akazifunga kwa plasta. Machozi yalimtiririka muda wote huo, lakini vidole viliendelea na kazi.

"Chomeka, kaka," alisema.

Wakagawana, sikio la huyu na sikio la huyu, na mtangazaji akasikika: "...mama mzee amevaa kandambili zisizofanana, moja buluu, moja nyekundu. Yuko kwenye banda la maziwa, chini ya maporomoko ya maji. Anasema anakwenda kumchotea mamake maji."

"Ni Mama!" Mshai akapiga kelele.

Walimkuta ameikumbatia nguzo ya banda. "Nyinyi ni kina nani? Mama ananingoja mtoni," aliwaambia watoto aliowazaa. Barabara ilikuwa imebomoka, na njia iliyobaki ni kijia chembamba kando ya maporomoko, cha kupita mmoja nyuma ya mwingine. Kumbeba hakuwezekani, na kumvuta kwa nguvu ni kumtumbukiza. Wakamwimbia, lakini maji yalinguruma hata hakusikia. Kumtia sauti masikioni kwa waya wa Mshai nako kusingefaa, ulikuwa mfupi, ungekatika hatua ya kwanza.

Kirigha akafungua kikasha chake. Kabla baba yao hajafa, Kirigha alikuwa amemrekodi kwenye simu akiimba wimbo wa kwaya, na hakuwahi kumwambia mtu. Kidude kimoja akakitia sikioni mwa mama, kingine mwake.

Mama akatulia. Kisha akacheka kama msichana. "Huyo si yule kijana wa kwaya? Yuko mbele. Twendeni, asituache!"

Akaiachia nguzo. Kirigha akatangulia amemshika mkono, wawili wakafuata nyuma, na mama akapita kijia kile chote akiimba.

Nyumbani alipewa uji wa moto, na akili zake zikamrudia. Aliwatazama mmoja mmoja, akawaita kwa majina. "Asanteni, wanangu. Mungu alinipa watoto. Lakini kuhamahama nimechoka. Nitakaa kwa yule aliyenirudisha, mpaka siku zangu ziishe. Ni nani?"

"Ni mimi, Mama," alisema Mwadime. "Bila simu yangu tusingejua uko wapi."

"Simu yako ilikuwa bubu," alisema Mshai. "Mimi ndiye niliyeipa sauti."

"Mlimpata," alisema Kirigha, "lakini alikubali kurudi na nani?"

Nawaambia, mimi namshukuru Mungu kwa ugomvi ule. Watu waliokuwa wakishusha pumzi kumkabidhi mama yao, leo wanamgombania, na wote watatu wanalia.

Mama amemaliza uji, bakuli liko mapajani, anangoja jibu. Je, wewe ungempeleka nyumba ipi? Niambie kwanza, ndipo urudishe vidude vyako masikioni.